Kamba Iliyorudi Ikinukia Sabuni

Maua,
18 Februari 2024

Kaka yangu Gitari,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku tuko salama kwa neema yake. Baba Lennox mguu umepungua kuvimba na ameanza tena kwenda kwenye miraa mwenyewe, badala ya kukaa kitini akiwapigia wachumaji kelele. Mvua bado. Vumbi limeingia mpaka ndani ya Biblia yangu, nikiifungua nafuta Zaburi kwanza ndipo nasoma.

Na wewe je, masikio? Nakuandikia kwa sababu juzi nilipokupigia simu nilikuuliza hali ya mbuzi ukanijibu kwamba ibada ilienda vizuri. Nilicheka mpaka nikakata. Miaka yote hiyo ya kugonga mwamba ndani ya visima imekula masikio yako, basi tuandikiane tu kama zamani nilipokuwa nimeolewa juzi. Younis wa lori, yule anayekuja soko la Ishiara kununua mbuzi wa bucha za huku, amekubali kutubebea barua. Ni Mwislamu wa kuaminika, nimemnunulia mkate mara moja tu na hajaacha kuniita mama.

Sasa, asante kwa kamba. Lennox amefika na magunia yake ya pojo, hata moja halikuanguka njiani, na ameniambia ni wewe uliyempa kamba ya kufungia mzigo kwenye pikapu. Najua ile si kamba ya mchezo. Najua pia ulivyo na vitu vyako, tangu utoto wetu ulikuwa unaficha hata wembe. Lakini umekumbuka kwamba mpwa hanyimwi na mjomba wake. Mungu akubariki. Nitahakikisha inarudi.

Jambo lililo moyoni ni hili. Mtoto amepata msichana. Anaitwa Nkirote, wa Kianjai, anauza katika duka la dawa za mifugo na ana adabu, alipokuja hapa aliosha vyombo bila kuambiwa. Mwezi wa nane tunataka kupeleka mahari. Wewe unajua bila wewe hatutoki. Wazee wa Kianjai swali lao la kwanza litakuwa, mjomba wake yuko wapi. Pasta wetu anasema maombi yanatosha, na mimi nimeokoka, naamini maombi. Lakini kijana wangu sitaki atoke mlangoni kabla hujamtemea mate ya baraka kifuani, kama mjomba wetu alivyokutemea wewe. Unakumbuka? Mate yamejaa ugoro, ukajipangusa na kitambaa, mama akakuzaba kofi mbele ya wageni.

Niandikie. Na ununue bahasha, kaka. Barua zako huja zimekunjwa na kufungwa uzi kama tumbaku ya sokoni.

Dada yako anayekuombea kila asubuhi,
Phyllis


Ishiara,
27 Februari 2024

Dada Phyllis,

Salamu nimepokea. Mimi mzima. Mbuzi wawili wamezaa, mmoja mapacha. Joto ni lile la kawaida yetu, hata nzi wamekaa kivulini.

Bahasha za nini. Uzi unatosha.

Habari ya Nkirote ni njema. Nitakuja mwezi wa nane kama Mungu akipenda, na mate yangu hayana ugoro.

Lakini nirudishieni kamba. Tumeanza kisima cha kanisa, kina mama wapumzike kwenda mtoni Thuci, na tumefika mahali ambapo bila kamba ile hatuwezi kuendelea. Njura anakaa chini ya mti siku nzima akinitazama kama mimi ndiye mwamba. Huyo Njura hujawahi kumwona ila unamjua kwa barua zangu, ndiye tumechimba naye tangu tukiwa vijana. Yeye ni mdogo wa mwili, anashuka. Mimi nabaki juu kwenye gogo la kuzungushia kamba. Akitaka ndoo ipande anavuta kamba mara moja. Akitaka kupanda yeye anavuta mara mbili. Siku hizi sauti ya shimoni siisikii hata kidogo, hivyo kamba ndiyo sikio langu.

Acha nikueleze, maana mwanao hakunielewa. Kuna vitu vya kuazimana na vitu vya kunyimana. Jembe, panga, wilbaro, sufuria ya msiba, hivyo chukua, hata ukirudisha bila mpini nitanung'unika tu. Kamba ya kisima ni kama mswaki. Haifungi ng'ombe, haivuti gari, hailali nje. Mimi huikagua kwa viganja kila asubuhi, hatua kwa hatua, nikiomba. Njura hunicheka, anasema marehemu mke wangu sikuwahi kumpapasa kwa uangalifu huo.

Lennox alisimama mlangoni akasema, "Mjomba, nisaidie na kamba." Nikamwambia achukue ile ya mbuzi. Akasema ni fupi. Nikanyamaza. Halafu nikafikiri, nikinyamaza sana itakuwa nimenuna, na mjomba kumnunia mpwa wake si jambo zuri kwa mtoto. Nikampa.

Njura hakusema nami siku mbili. Aliposema alisema, "Gitari, umeazima watu shingo yangu."

Basi irudi upesi.

Kaka yako,
Gitari


Maua,
12 Machi 2024

Kaka Gitari,

Amani ya Bwana iwe nawe na mapacha wa mbuzi pia. Hii haiji na Younis, inaletwa na Lennox mwenyewe pamoja na kamba yako, ili usiseme tena kwamba watoto wa Maua hawajui kurudisha. Mwambie na Njura ashuke salama, shingo yake inakuja.

Najua imechelewa. Pikapu ilimsumbua, ilikuwa haiwaki, akawa anahangaika na betri za kuazima huku na huku, na wewe unajua miraa haingoji, ikilala ni takataka. Usimkemee. Nakuomba hivyo kama dada, usimkemee kabisa, ameogopa sana neno lako kuliko la baba yake.

Na nikupe habari ya kukufurahisha. Nilitoka ibada ya kina mama nikamkuta nyuma ya nyumba, amekunja suruali, ameweka beseni mbele yake, anaifua ile kamba. Sabuni ya unga, maji mara tatu, akaianika kwenye ua tangu lango mpaka choo. Gitari, mtoto huyu hajawahi kuosha kikombe chake cha chai. Nilisimama pale nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nikasema sasa amekua, yuko tayari kuoa. Nimeishika kwa mikono yangu, imetakata kama ya dukani. Njura akiiona hataitambua.

Nimeweka sukari na majani ya chai humo kwenye mfuko. Mpe na mke wa Njura kidogo, kwa kukulisha.

Dada yako mwenye furaha leo,
Phyllis


Ishiara,
4 Aprili 2024

Dada Phyllis,

Njura hayuko. Tulimzika Jumamosi, kesho yake ikawa Pasaka.

Kamba ilikatika akipanda.

Sikukupigia simu kwa sababu nisingekusikia.

Mvua imeanza. Mbuzi wazima. Salamu kwa Baba Lennox na mguu wake.

Gitari


Maua,
5 Mei 2024

Kaka yangu, kaka yangu,

Barua yako ilinifikia jana tu. Mvua hii imekata barabara, Younis amekaa Meru mjini wiki nyingi lori likiwa limesimama, na aliponipa ile karatasi yenye uzi nilimshukuru nikicheka, nikamwambia ngoja nisome vituko vya kaka yangu. Nilisomea hapo hapo barabarani. Younis aliniletea kigoda kutoka dukani kwa mkewe Leylo nikakaa.

Pole. Sijui neno lingine. Ningejua ningekuja kwa miguu. Ninyi watu wawili mmekuwa kama ng'ombe wa jembe moja, na sasa nakuwaza jioni unakula na nani. Mpe pole mke wake. Niambie jina la kumwombea, maana miaka yote hii umemwita mke wa Njura tu.

Nimekuwa nikirudia barua yako, ingawa ni fupi kuliko risiti. Mambo mawili yananikosesha usingizi. Umeandika kwamba kamba ilikatika. Kamba gani, kaka? Hukusema. Na umewasalimu Baba Lennox na mguu wake. Lennox hukumtaja.

Labda ni majonzi tu. Mtu akiwa na majonzi anasahau majina. Niambie ni hivyo.

Nimefunga na kuomba kwa ajili yako tangu jana,
Phyllis


Ishiara,
19 Mei 2024

Dada Phyllis,

Pole zako nimezifikisha. Anaitwa Mama Munyi. Munyi ndiye kifungua mimba wao, anafanya kazi Manyatta, alikuja kwa mazishi akarudi. Mama Munyi alisema asante kwa majani ya chai.

Jioni bado ananiletea chakula. Nilimwambia aache, akasema amezoea kupika kiasi hicho. Ananiletea kwa bakuli la bluu, naliosha, nalirudisha, analileta tena.

Chifu alikuja akaandika ajali. Ni ajali.

Kanisa limeamua kisima kifukiwe. Maji yalikuwa yameanza kutoa jasho kwenye mchanga, Njura alinipandishia udongo wa mwisho ukiwa umelowa. Lakini hakuna atakayekunywa. Kina mama wamerudi mtoni.

Uliuliza kamba gani. Nilikuwa na moja.

Mahindi yamestawi mwaka huu kuliko miaka mingi.

Gitari


Maua,
23 Juni 2024

Kaka Gitari,

Neema na amani. Huku baridi ya mwezi wa sita imetushika, tumevaa makoti hata jikoni. Baba Lennox anakusalimu. Kuku wangu wameugua, Nkirote amenipa dawa, wengine wamepona. Nimeandika haya ya kuku kwa sababu mkono hautaki kuandika yanayofuata.

Jumanne niliamua kufua nguo nzito zilizokaa kwenye gunia tangu jua la Machi. Ndani yake kulikuwa na suruali ya kazi ya Lennox. Magotini ilikuwa imetobokatoboka vijitundu vidogo, kama iliyoliwa na nondo. Nikaiweka majini nikaisugua kidogo, na nilipoikamua ikaachia mkononi mwangu. Haikuchanika, Gitari. Iliachia kama mkate uliolowa kwenye chai. Pindo lilikuwa zima, mfuko mzima, ni magoti tu.

Nikamwita jikoni. Nikamwuliza, "Hii ilitobolewa na nini?"

"Panya."

"Panya wa wapi huyo, anakula goti na kuacha pindo lenye mafuta?"

Akatazama jiko. "Maji ya betri, mama. Ile betri niliyoazima ilikuwa imepasuka. Ilinimwagikia nikiibeba."

"Ilikumwagikia wewe tu?"

"Na nyuma ya gari."

"Nyuma ya gari kulikuwa na nini?"

Akaanza kulia kabla ya kunijibu. Mtu mzima, ana ndevu, analia ameshika mlango wa kabati.

Alisema kamba yako ilikuwa imekunjwa pale nyuma, na betri ilimwagika juu yake usiku kucha bila yeye kujua. Asubuhi aliona imelowa upande mmoja, haijabadilika rangi. Akaifua. Ndiyo siku ile niliyomwona, nikamshukuru Mungu. Alisema, "Nilidhani ikifuliwa imekwisha." Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mjomba wake, neno moja tu, mjomba iangalie hii kamba ilimwagikiwa. Unajua alinijibu nini? Alisema, "Mama, ni wewe uliyenifundisha kwamba mjomba hasikitishwi. Tunaenda kuoa. Niliogopa utasikitika."

Utasikitika. Alisema hivyo, kana kwamba ulikuwa umesimama pale.

Kaka, mimi ndiye niliyekuandikia usimkemee. Mimi ndiye niliyeisifu kama ya dukani. Nimekwenda kwa pasta, ameniombea, ameniambia damu ya Yesu inaosha yote. Nilipofika lango la nyumbani nikaona ule ua alipoianika, nikashindwa kuingia ndani.

Sasa nakuuliza, na unijibu hata kama ni kwa ukali. Ulijua? Tangu siku ile ya kwanza ulipoacha kumsalimu, ulijua?

Na mtoto, je? Halali. Pikapu amempa mwenzake, na baba yake anadhani ni uvivu na anamtukana mchana kutwa. Nikimtazama naona mtu anayengojea neno lako limwangukie. Kama una uchungu naye, nakuomba kwa jina la mama yetu usiuseme kwa kinywa ukawa laana. Niandikie mimi. Nitaula mimi.

Dada yako,
Phyllis


Maua,
4 Agosti 2024

Kaka Gitari,

Salamu katika Bwana. Younis amekwenda Ishiara na kurudi mara tatu, mara tatu namwuliza, mara tatu ananionyesha viganja. Alisema alikuona sokoni, umekonda, ukamsalimu vizuri na kumwuliza bei ya mbuzi. Alikwambia, "Mama anangoja." Ukamwambia, "Najua."

Sitaandika mengi. Wazee wa Kianjai wametuma mtu. Wamesikia kuna jambo kati ya kijana na mjomba wake, sijui wamesikia kwa nani, upepo hauna mlango. Wamesema kwa heshima kwamba hawapokei mahari ya kijana ambaye mjomba wake amenyamaza. Baba yake Nkirote hana ubaya, alisema tu, "Binti yangu atazaa watoto. Hao watoto watalipa nini?" Nkirote mwenyewe alikuja akakaa nami jikoni, akachambua mboga akaondoka. Tumesogeza siku mpaka mwezi wa tisa mwishoni.

Nimewaambia hayo ya laana ni ya kale, sisi tumeokoka. Nikisema hivyo sauti yangu mwenyewe inanisuta, kwa sababu mimi ndiye niliyeanza kuomba mate yako kabla ya mtu yeyote.

Sikuombi usahau Njura. Nakuomba uje usimame mlangoni pangu. Usipoweza kusema baraka, simama tu. Wakuone.

Lennox alitoweka siku mbili mwezi uliopita. Alirudi na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, akalala mchana kutwa. Hakuniambia alikuwa wapi. Nimeogopa kumwuliza.

Phyllis


Ishiara,
8 Septemba 2024

Dada Phyllis,

Salamu. Mbuzi wale mapacha mmoja alikufa, mwingine amekua dume zuri. Mahindi tumevuna. Kiangazi kimeanza na kina mama wanapita hapa na mitungi kabla jua halijawa kali. Wananisalimu kwa mkono sasa, wanajua masikio yamezidi.

Barua zako zote ninazo. Sikukosa karatasi. Kila nilipoanza niliona nikiandika kidogo nitakudanganya, nikiandika yote itakuwa nimemtamkia mtoto laana. Wewe ndiye uliyesema nisiuseme kwa kinywa. Kwa hiyo nilifunga kinywa, na mkono pia.

Uliniuliza kama nilijua. Nitakueleza siku yenyewe, mara moja, na usiniulize tena.

Asubuhi ile niliikagua kamba kwa viganja kama siku zote. Ilikuwa laini, na ilinukia sabuni. Kamba yangu miaka yote inanuka udongo na jasho la Njura. Nilisimama nayo. Kitu kiliniambia, mtu haoshi kitu cha kuazima bila sababu. Lakini nilikuwa nimesoma barua yako, nikaona aibu kumshuku mtoto aliyejitahidi. Njura akaja akaishika, akainusa, akacheka. Akasema karibu na sikio langu ili nisikie, "Leo kamba yako imeoga, Gitari. Inaenda harusini?" Nami nikacheka. Tulifunga ndoo yenye mawe tukaijaribu, ikashika. Ilivuta udongo asubuhi nzima, vizuri kabisa.

Saa ya kula ilipofika alivuta mara mbili. Nikaanza kuzungusha gogo. Nilikuwa nimeshikilia uzito wake, halafu nikawa sina uzito. Sikusikia kitu. Watu waliokuwa mbali walisikia, wakaja wakikimbia, mimi bado nilikuwa nazungusha gogo.

Mkono wangu wa kulia unaamka peke yake alfajiri, umefumba kama ulioshika kitu, unangoja avute.

Sasa habari ya Lennox, kwa sababu hujui alikuwa wapi. Alikuwa hapa. Alikuja kwa miguu kutoka barabara kuu, ana kamba mpya mgongoni, bado ina karatasi ya duka. Akasimama pale pale mlangoni aliposimama Februari. Akasema maneno mengi, midomo ilikuwa inakwenda, sikuyasikia na sikumwambia arudie. Kamba sikuigusa. Nilimshika mkono nikampeleka kwa Mama Munyi, nikamwashiria amwambie yeye.

Alipiga magoti akamwambia yote, nikaona mikono yake ikionyesha suruali, betri, beseni. Mama Munyi alikuwa anapeta pojo. Hakuacha kupeta. Alipomaliza ungo ule aliuweka chini, akaja karibu nami na kusema kwa sauti, ili nami nisikie, "Viganja vyake vilinukia sabuni. Tulipokuwa tunamwandaa kwa kaburi nilivinusa. Nilidhani alikuwa amenawa ili aje kula."

Alimpa Lennox chakula. Alimpa kwa lile bakuli la bluu, Phyllis, na mwanao akala akilia, akaliosha. Alipoliosha nikatoka nje.

Kesho yake alitaka kuiacha ile kamba mpya. Mama Munyi akaikataa, nami nikaikataa, ikabaki kwenye ua. Jirani aliiona akaja kuiazima afungie ng'ombe. Nikamwambia achukue, asirudishe.

Nitakujibu la mwezi wa tisa. Sitakuja.

Sitakuja, dada, usinitumie mtu. Umesema nisimame tu. Nikisimama mlangoni pako siku hiyo mashati yote yatakuwa yamefuliwa na kupigwa pasi, na vijana watanukia sabuni, na mtu atacheka mahali fulani, kwa sababu ni siku ya furaha. Nitaona uso wa Njura akicheka. Sijui uso wangu utafanya nini, na wazee wa Kianjai watakuwa wananitazama mimi tu. Mjomba aliyenyamaza akiwa mbali ni afadhali kuliko mjomba aliyekuja na uso huo.

Pasta wetu aliniuliza kama nimesamehe. Nilimwambia ndiyo, kwa sababu imeandikwa. Wewe ni dada yangu, wewe sikwambii ndiyo. Kuna siku naamka nimesamehe, nakamua mbuzi nimesamehe, halafu bakuli linakuja. Labda ni kazi ya kila siku kama kuchota maji. Sijafika chini.

Lakini yule ni mjukuu wa mama yetu pia. Na mimi ndiye niliyempa kamba kwa mkono wangu kwa kuogopa kumnunia, naye akaficha kwa kuogopa nitanuna. Tulimwogopa mtu mmoja, mimi na yeye, na mtu huyo ni mimi. Sitaki amwogope tena.

Utaona leo hakuna uzi. Nimenunua bahasha. Mwenye duka alitaka kunifungia kwa gundi yake, nikakataa, nikarudi nayo nyumbani, nikakaa kitandani mpaka jua likatua, ndipo nikailamba mwenyewe kutoka kona hadi kona. Nimemwambia Younis asiikabidhi kwako. Aipeleke mkononi mwa Lennox, na Lennox ndiye aifungue, aiweke kwanza kifuani, pale palipofungwa. Waambie wazee wa Kianjai. Wakikataa, nimefanya niliyoweza.

Mate ni yangu. Maneno bado sina.

Gitari